Risasi za Harusi ya Farida

Leonardi wa Yoba, mtaa wa Gitega, alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa treni. Burundi haina reli, lakini yeye alikulia Tanzania, katika makazi ya wakimbizi upande wa Tabora, na utoto wake aliumalizia kando ya njia ya reli akisubiri garimoshi lipite. Wazazi wake waliota kurudi kwenye migomba yao ya Bugendana. Yeye, amani ilipokuja na wote wakarudishwa kwa malori, alishuka na godoro lake kichwani akauliza stesheni iko wapi. Watu wa Gitega wana kumbukumbu mbaya kwa mambo mengi, ila kwa hilo hapana. Mpaka leo wanamwita Bwana Stesheni.

Karakana yake ilikuwa kichumba nyuma ya jiko, ambamo mkewe, Ursula, alikuwa akifuga sungura kabla ya sungura kuhamishwa kwa nguvu. Humo Leonardi aliziba sufuria za watu na kutengeneza kufuli, na muda uliobaki, pamoja na muda ambao haukubaki, aliutumia kwa injini yake ya mvuke. Ilikuwa ndogo, ya kutosha kukaa juu ya sahani ya wali. Tangi lake la maji lilikuwa kipande cha bomba la shaba. Silinda aliikata kutoka kwenye pampu ya baiskeli, gurudumu lilikuwa kishikio cha bomba la zamani, na moto ulikuwa wa spiriti ndani ya kopo la rangi ya viatu. Kilichobaki ni kuunga viungo vya tangi, na kwa kazi hiyo alimtegemea Mzee Uthmani.

Mzee Uthmani alikuwa fundi bati wa Muyinga, Mwislamu wa mjini, mtu wa vibatari na ndoo. Walikutana sokoni Gashoho mwaka ule wa kurudi, Leonardi akiwa hana hata koleo. Uthmani alimpa la kwake, akamfundisha kuunga bati, wala hakumcheka aliposimuliwa habari za treni. Sasa mzee alikuwa anamwoza binti yake Farida, ndoa Ijumaa baada ya sala, na Leonardi alikuwa ameahidi kwamba zawadi yake itakuwa injini hiyo, izunguke mbele ya wageni wote.

Basi akapiga simu. Uthmani alikuwa na asidi mikononi, akaiacha simu juu ya benchi na sauti yake yote imefunguliwa.

"Shikamoo, Mzee. Risasi zimeniishia. Nitumie nyingine, zile nzito."

"Iko mingi, usiogope. Ntakutumia na basi."

"Nizipate upesi tu. Ijumaa watu wote watakuwa wamekusanyika hapo kwako. Nataka kazi niimalize mbele yao."

Kwa Kiswahili alichokua nacho Leonardi, risasi ni yale madini laini yanayoyeyuka upesi, ambayo fundi huungia bati. Burundi kitu hicho kinaitwa eteni, na risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki, basi. Uthmani alikuwa ameshazoea maneno ya rafiki yake, alicheka akaendelea na kazi. Lakini pale dukani alikuwepo mteja aliyefuata ndoo yake, na wakati wenyewe ulikuwa ule wa kukusanya silaha majumbani, redio ikihimiza kila mtu aripoti anachokisikia. Mteja aliiacha ndoo yake hapo hapo akaenda kuripoti.

Polisi walipofika, vijiti vya eteni, vyote alivyokuwa navyo, vilikuwa vimeshaondoka na basi la Gitega, vimefungwa ndani ya mfuko wa unga. Uthmani hakuwa na cha kuwaonyesha.

Zaituni, mkewe, ndiye aliyempigia Leonardi jioni ile. "Baba Jeska, wamemubeba Mzee. Wanasema eti iko nauza risasi. Yeye anawaeleza kama ni eteni, wanamucheka. Donc wanataka we mwenye sauti ya simu ukuje useme. Ukuje, tafadhali. Ijumaa ni ndoa. Bila Mzee nani atamuozesha Farida?"

"Nakuja, Mama Farida. Kesho asubuhi niko huko."

Aliposema hivyo alikusudia. Mfuko wa unga ulikuwa mapajani mwake, ameshaufungua, vijiti vya eteni vinang'aa ndani ya vumbi jeupe.

Alipoiweka simu chini, woga ukamwingia. Yeye ni mtu aliyetoka nje, kitambulisho chake bado kinanukia wino. Ataingia vipi kwa polisi na ulimi wake wa Tanzania aanze kuwaambia kwamba risasi si risasi? Watamweka ndani naye. Hapo ndipo wazo likamjia: aimalize injini kwanza, aende nayo, iwashwe mbele yao, iwe shahidi wake. Wazo hilo lilikuwa na ubaya mmoja, kwamba lilimfurahisha mno.

Kesho yake asubuhi hakupanda basi. Aliwasha makaa, akapaka asidi, akaunga viungo. Adhuhuri alitia maji, akawasha spiriti, akasubiri akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya sungura. Tangi likaanza kunong'ona. Alilisukuma gurudumu kwa kidole, likasita, kisha likashika lenyewe na kuzunguka mpaka mikono ya gurudumu haikuonekana. Leonardi alicheka peke yake kwa furaha kama mwehu. Kicheko hakijamtoka vizuri akamkumbuka Uthmani, mtu mzima yule, amekaa kwenye saruji bila mkanda wala viatu, na aibu ikampanda usoni. Shahidi alikuwa tayari. Basi la mchana lilikuwa bado halijaondoka.

Lakini kwenye kiungo cha nyuma palikuwa na kinundu. Kilikuwa kidogo, hata mkeo hawezi kukiona mpaka umwonyeshe. Leonardi alikitazama, akaangalia pembeni, akakitazama tena. Akajiambia kinaweza kuvuja.

Ursula alimkuta ameyeyusha kiungo chote.

"Baba Jeska, bado?"

"Naogopa itavuja njiani."

"Kwani njiani itakuwa na moto?"

Leonardi alichochea makaa. Ursula alisimama mlangoni kidogo, akamwambia kwamba kama angefungwa yeye Leonardi, Uthmani angeshafika hapa hata kwa miguu, kisha akarudi kwenye maharage yake. Leonardi alijua ni kweli, na kujua huko kulimfanya afanye kazi kwa kujificha, mgongo kwa mlango. Jioni simu ililia juu ya benchi. Aliona jina la Zaituni. Aliiacha ilie, akijiambia kwamba mikono yake imejaa. Mikono haikuwa na kitu.

Usiku hakulala vizuri, na Ijumaa aliamka na uchungu wa kweli, ameapa kuondoka na basi la kwanza. Ila injini ilikuwa na masizi, na huwezi kupeleka kitu kichafu mbele ya wakubwa. Aliisugua kwa majivu na limau mpaka ikang'aa. Alipofika kituoni, basi la kwanza lilikuwa limeondoka, na la pili lilisubiri abiria kwa uvivu wa mabasi yote ya pili. Njia nzima kupitia Karuzi aliibeba injini mapajani ndani ya kitenge cha Ursula. Alimwomba Mungu basi liende upesi, na aliona haya kuomba, maana aliyekuwa amechelewesha si dereva.

Muyinga aliteremka karibu na nyumba ya Uthmani. Akasikia vigelegele. Moyo wake ukaruka. Wamemwachia, mzee yuko ndani na mtoto wake. Langoni alisimama Kassimu, jirani, akigawa soda.

"Mzee ametoka?"

"Bado." Kassimu hakumwangalia usoni. "Waziri ndiye ameozesha. Wakwe walisema ni leo ao wanarudi kwao. Si unajua, mambo ya risasi, watu waliogopa. Ingia ule."

Waziri alikuwa mdogo wake Uthmani. Sheria ya dini inamruhusu baba mdogo kusimama badala ya baba, kwa hiyo ndoa ilikuwa halali kabisa, hakuna wa kuitia kasoro. Leonardi hakuingia. Alipita njia ya nyuma ili Zaituni asimwone, akaenda polisi nusu akikimbia.

Kituo kilikuwa chumba kimoja na meza. Leonardi alijitambulisha kuwa ndiye mwenye sauti. Kabla mkuu wa kituo hajamuuliza lolote, alikifungua kitenge cha Ursula, akatia maji, akawasha moto. Askari wakakusanyika. Injini ilizunguka vizuri kuliko ilivyowahi kuzunguka, ikitoa pumzi ndogo ndogo nyeupe, na wale askari, vijana wengi, wakawa wanachekelea na kuinama kuitazama chini. Ilikuwa ile saa aliyoiwaza miaka yote, na hakuweza kuiangalia.

"Na hiyo risasi iko wapi?" mkuu wa kituo aliuliza.

Leonardi alitoa mfukoni kijiti kilichobaki. Mkuu alikipokea, akakikunja kwa vidole viwili, akakwaruza nacho karatasi, kikaacha mstari wa kijivu.

"Hii ni eteni."

"Ndiyo, shefu. Sisi tuliokulia Tanzania tunaiita risasi."

"Na mzee alikutumia lini?"

"Siku ile ile mliyomkamata."

Mkuu alikiweka kijiti mezani. "Bon. Hii moja tu ungeileta kesho yake, mzee angelala kwake. Mashine yote hii ilikuwa ya nini?"

Leonardi alikikunja kitenge. Mkuu akaagiza Uthmani aletwe.

Alitoka akipepesa macho, kanzu yake ya harusi imekunjamana, maana Zaituni alikuwa amempelekea aivae asubuhi ile kwa matumaini. Alimpa Leonardi mkono kabla Leonardi hajanyoosha wa kwake.

"Wameshafunga?"

"Wameshafunga, Mzee. Waziri ndiye aliyemshika mkono bwana harusi."

Uthmani alisema "alhamdulillahi" kwa sauti ya chini. Halafu akainama juu ya injini, kwa sababu fundi hawezi kuacha. Alikivuta kando kopo la moto, akasubiri tangi lipoe kidogo, akapitisha kidole gumba kwenye kiungo cha nyuma, taratibu, akirudi na kwenda.

"Hapa ulirudilia."

"Ndiyo, Mzee."

"Ilikuwa inavuja?"

Leonardi angeweza kusema ndiyo. Askari wasingejua, na mzee aliuliza kwa upole wa mtu anayempa mwenzake mlango wa kutokea.

"Haikuvuja," alisema. "Ilikuwa na kinundu. Haikupendeza."

Uthmani aliitikia kwa kichwa polepole, akaondoa kidole chake kwenye kiungo, akavaa viatu alivyorudishiwa. Moto wa spiriti ulikuwa bado unawaka kando ya tangi.

"We ngoja izimike," alisema. "Mi naenda kumuona mutoto kabla wakwe wamubebe."

Akatoka bila kumngoja.