Bobine za Teksi ya Jephté

Hakuna fundi wa mtaa wa Mususa aliyejua kufunga bobine, koili za kutia cheche, kama Éliakim, kwa hiyo mtu asiniambie alikosea. Asubuhi ile aliingiza bobine nne mpya juu ya bugi, zile plagi za injini, za teksi ya Jephté, akazikaza, kisha akachomeka fishi, vichwa vya nyaya za umeme. Mbili zililia tak, zikashika. Mbili alizilaza tu juu ya bobine, akafunga kapo, kifuniko cha injini.

Roho mbaya, basi. Mbuzi wa mahari aliowapeleka kwa akina Bénite walirudishwa wote, kamba shingoni, mtaa mzima ukitazama, na Bénite akaolewa na Jephté. Leo mume na mke walikuwa wanakwenda Beni. Éliakim alitaka gari lizime kwenye mlima wa kutoka Butembo, watu wa pikipiki wacheke, Jephté asukume huku mkewe anaona. Hilo tu.

Lakini fishi zilikawia kuchomoka. Zilivumilia mashimo yote mpaka kule porini kwa waasi, karibu na Beni, ambako mwenye akili hasimami hata kukojoa.

Simu ikalia kwa Mama Florentine, mwenye garaji. Akaweka sauti nje ili fundi asikie. Alikuwa Jephté, akimwita fundi yaya, kaka mkubwa.

« Yaya Éliakim, moteur iko natetemeka, inakatala kupanda! Bagari banapita tu, hakuna mwenye anasimama. Bénite iko nalia. Nifanye nini? »

Afungue kapo, asukume fishi mbili kwa kidole. Hata Bénite angeweza. Ila Mama Florentine alikuwa amesimama pale, na wateja, na shemasi wa kanisa lake, na kutaja fishi ni kujitaja. Muoga yule akakohoa.

« Angalia mafuta kwanza. »

« Mafuta iko, yaya! »

« Basi angalia filtre. »

Simu ikakatika. Éliakim akazunguka nyuma ya choo, peke yake, akapiga. Iliita, ikaita, hakuna aliyeshika. Akapiga tena, haikupatikana.

Kesho yake lori la mbao liliburuta teksi mpaka garajini. Vioo vilikuwa vimevunjwa, na ndani hamkuwa na mtu. Gracieuse, mama yake Bénite, ambaye Mama Florentine alikuwa amemsimulia ile simu, alikuja pekupeku, akakuta kitenge cha binti yake chini ya kiti, akakikumbatia.

« Fungua kapo, » Mama Florentine akasema. « Tujue ilikufa na nini. »

Éliakim akafungua. Akasukuma fishi ya kwanza kwa kidole, tak. Ya pili, tak. Mama Florentine akawasha, na moteur ikaitika mara moja, laini kabisa.

« Fundi ni fundi! » shemasi akasifu, mjinga wa Mungu.

Gracieuse hakusifu. Alikuwa anatazama kile kidole.

« Donc ilikuwa ile tu? » akauliza. « Na jana ulimwambia aangalie mafuta? »

Moteur iliendelea kunguruma katikati yao, na hakuna aliyeizima.