Saksafoni Iliyovuja

Kiongozi wa bendi hakutaka kukaa. Fundi wa sauti alimsogezea kiti, naye akatundika koti juu yake, akaanza kutembea kati ya mlango na dirisha huku akikanyaga nyaya. Fundi alikuwa mdogo wa mkewe, na mashemeji hawaogopani. Alimwambia kwamba akizing'oa nyaya hizo atazirudisha kwa meno.

Kilichowakutanisha ni albamu. Bendi nzima ya jazi, kuanzia matarumbeta na matromboni hadi safu ya saksafoni, ilikuwa imerekodiwa ukumbini mbele ya watu, na msambazaji aliitaka kazi kabla ya jioni. Wimbo mmoja tu ndio uliobaki, ule wa mwisho. Humo mdogo wake kiongozi, tumbo moja, alisimama akapiga saksafoni peke yake mpaka ukumbi ukapagawa. Haukupita muda akahamia bendi ya hoteli. Hakuaga. Alituma ujumbe wa simu, mfupi kama wa kuagiza mkate.

"Mtoe," kiongozi alisema. "Sitaki kumsikia humo."

Fundi hakubishana. Alizima maiki ya kijana huyo, akaurudisha wimbo nyuma kidogo. Dramu zikaingia, gita la besi likafuata, na kwa mbali, kama mtu anayepiga nyumba ya pili, saksafoni ileile.

Kiongozi akasimama. Alitaka kujua inatokea wapi. Fundi akamweleza kwamba jukwaani watu walikaa bega kwa bega, kwa hiyo kila maiki ilibeba na sauti ya jirani. Akazima nyingine, matromboni yakapwaya, na saksafoni bado ipo.

"Huyu ni kama moshi wa jikoni, shemeji. Unafunga mlango, unamkuta kwenye nguo."

Basi ikatwe sehemu yote, kiongozi akaamuru. Fundi akakata, akaunga kabla na baada. Wimbo ukaruka kama mtu aliyekosa ngazi, kisha ikafuata shangwe kubwa, vifijo na miluzi, bila mtu kufanya lolote la kushangiliwa. Kiongozi alipangusa shingo. Akauliza kama mpigaji mwingine anaweza kuitwa aje apige juu yake. Fundi alisema wajaribu kwanza kumfunika kwa piano, akaipandisha maiki ya piano.

Hapo ikasikika sauti ya mtu karibu kabisa, imekauka kwa kupiga kelele: "Zungukeni tena! Mwacheni, asikatizwe!"

"Nani huyo mpumbavu?"

"Ni wewe, shemeji."

Alikuwa amesimama kando ya piano usiku ule. Kwenye karatasi za muziki kijana alipewa mzunguko mmoja tu wa kupiga peke yake. Kaka yake ndiye aliyewapungia wenzake waendelee, na waendelee tena. Fundi aliacha iende. Sauti ilirudi, safari hii ikicheka.

Kiongozi alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. "Nilitaka watu wamwone," alisema.

"Walimwona," fundi akajibu polepole. "Na wa hoteli walikuwepo, meza ya mbele."

Kiongozi alikuna ndevu. Mwishowe akamwambia afungue maiki zote. Walisikiliza wimbo mzima, yeye wima, vidole vikigonga ukuta mbele kidogo ya mdundo, kama anayetaka uishe.

Ulipoisha aliomba walau sauti yake mwenyewe ipunguzwe. Fundi alimwambia hilo haliwezekani bila kuiumiza piano.

"Haya. Tuma hivyohivyo, kabla sijageuza nia."

Fundi akatuma. Kiongozi akauliza kama imefika. Akauliza tena. Kisha akauliza kama inaweza kurudishwa.

"Haiwezi, shemeji."

Akaitikia kwa kichwa, akatoka, na fundi akamsikia nje kwenye ujia, akienda na kurudi.