Mikono Minane

Jumanne, saa mbili kasoro asubuhi, Najat Mwishehe alikuwa anakunja mpira wa maji kwenye ua wa kituo cha zimamoto cha Kibamba, akaona kazi inakwenda upesi kuliko kawaida. Akajitazama. Chini ya kwapa zake ilikuwa imetoka mikono mingine miwili, mizima kabisa, na kucha zake zimekatwa vizuri. Akamaliza kukunja, akaenda kunywa chai.

Margareta, mwenzake wa zamu, alimsogezea kitumbua, kisha akamsogezea na kingine.

"Inauma?"

"Inawasha kidogo tu."

Margareta akamshauri apake mafuta ya nazi.

Wiki hiyo kampuni yao, Maji Tayari, inayolinda maghala na maduka kuanzia Mbezi Luis mpaka Kibamba, ilikuwa imepunguza watu wa gari moja kutoka sita hadi wanne. Chama cha wafanyakazi kilipinga. Benedikto, dereva wa gari lao na katibu wa chama pale kituoni, aliandika barua ya kurasa mbili. Alieleza kwamba wawili wakiingia kwenye moshi, lazima wawili wengine wabaki nje, tayari kuwafuata wakikwama. Sasa dereva yuko kwenye pampu, kiongozi wa zamu yuko kwenye redio. Nani atawafuata? Kampuni ikajibu kwamba barua imepokelewa.

Nyumbani mikono ile ilipokewa vizuri. Mumewe, Mashaka, ambaye ni fundi cherehani, alifumua makoti mawili ya kazini akamshonea moja la mikono minne, na likamkaa. Najat akawa anakuna nazi huku anamsuka bintiye. Mama mkwe wake, Bi Mwanakombo, alikaa kwenye mkeka akimtazama kwa raha zote.

"Mwanangu kaoa wake wawili kwa mahari moja," alisema, na kwa siku tatu aliyapeleka maneno hayo kila nyumba ya mtaa.

Alhamisi alasiri ghala la magodoro la Mzee Hilal lilishika moto. Mzee mwenyewe alikuwa ameshatoka, akarudi ndani kufuata miwani. Najat na Margareta wakaingia. Najat alishika mpira kwa mikono miwili, na kwa ile mingine akamkumbatia mzee, ambaye alimwomba radhi kwa usumbufu. Hapo dari ikashuka, ikambana Margareta mguu.

Mikono ilitosha. Isipokuwa Najat hakuweza kuwa mlangoni na kule nyuma kwa wakati mmoja. Nje, Benedikto hakuweza kuiacha pampu, maana maji yangekatika, na kiongozi wa zamu hakuruhusiwa kuingia peke yake. Najat akamtoa mzee, akarudi peke yake, kengele ya mtungi wake wa hewa ikiwa imeshaanza kulia. Aliogopa, na akaendelea kutembea. Aliinua boriti kwa mikono miwili, akamvuta Margareta kwa miwili. Hatua kumi kabla ya mlango hewa ikaisha. Hatua hizo alizimaliza kwa kubana pumzi, macho yamemtoka, akimsikia Margareta anaulizia kiatu chake kimoja.

Jumatatu meneja, Bwana Aiman, alifika kituoni na keki. Alimshika Najat mikono yote kwa zamu, akampongeza. Kisha akatoa barua. Kiwango kilichopitishwa, ilisema, ni watu wanne, yaani mikono minane. Zamu ya Najat ilikuwa na mikono kumi. Kwa hiyo nafasi ya Margareta, aliyevunjika kifundo cha mguu, haitajazwa. Watu watatu wanatosha.

"Mikono ni minne, lakini mapafu yake ni yale yale mawili," alisema Benedikto.

Bwana Aiman alimsikiliza kwa makini. Akaandika kwenye daftari, akauliza kwa upole kama kuna dalili yoyote ya mapafu kuongezeka. Najat akasema hapana, bado. Meneja akaandika na hilo, akawakatia keki.

Jumamosi chama kikakutana pale uani, chini ya turubai. Margareta alikuja na magongo, mguu umefungwa plasta, akapewa kiti cha mbele na soda mbili. Hoja ilikuwa moja: mgogoro upelekwe kwa wasuluhishi, gari lisitoke tena na watu pungufu. Benedikto akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Najat alinyoosha yote. Katibu akahesabu kwa kidole, safu kwa safu, akampita bila kusita.

"Kumi na saba. Hakuna anayepinga."

"Mie umenihesabu wangapi?" aliuliza Najat.

"Mmoja."

Najat akashusha mikono mitatu, akauacha mmoja juu. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyevua koti la zimamoto baada ya kazi. Tangu Jumanne ile hakuna aliyekuwa amemhesabu hivyo.

Kabla hajaushusha, king'ora kikalia: jiko la mgahawa linawaka, Mbezi Luis. Kikao kikaahirishwa. Benedikto akakimbilia usukani, kiongozi wa zamu akapanda, Najat akafuata. Mkono mmoja ulifunga kofia, mmoja mkanda, mmoja vifungo vya koti, na wa nne ukampungia Margareta, naye akampungia kwa gongo.

Gari likatoka na watu watatu. Jumatatu chama kikapeleka mgogoro kwa barua, na wasuluhishi wamesema barua imepokelewa.