Matanga ya Bwana Muli

Bwana Muli, mpima ardhi, kwa kawaida hawezi kusema jambo moja bila kwanza kuzunguka Milima ya Iveti yote. Lakini Jumatatu hiyo alisema machache tu: jiko la chai litavunjwa Ijumaa, na kazi ya Ndunge itaishia hapo hapo.

"Si kwa ubaya, Ndunge," akasema huku akiangalia viatu vyake. "Ni mpango mpya wa ofisi."

Ndunge akaitikia kwa kichwa, akaendelea kusuuza vikombe. Tangu amalize darasa la nane hakuwa na kazi nyingine ila hii, na kwa miaka minne aliipenda kila siku iliyopambazuka. Ikiisha, ni kurudi Kyumbi kwa mamake, kupepea moto wa mahindi ya kuchoma kando ya barabara na kula vumbi la malori.

Mpango mpya ulikuwa na sababu yake. Mwezi huo ramani mbili zilitoka na makosa. Ya pili ilipitisha mpaka katikati ya zizi la Mzee Wathome wa kule Tala, ikawa ng'ombe wake wakilala, kichwa kiko kwake na mkia kwa jirani. Kamanthe aliyeichora si mjinga. Taabu ilikuwa salamu. Mkulima akiingia ofisini hawezi kumpa mkono mmoja akamruka mwingine, maana aliyerukwa atakaa siku nzima akijiuliza amekosea nini. Basi kila mgeni aliwapitia wote sita na Bwana Muli wa saba: mkono, habari ya nyumbani, mvua, ng'ombe, na yule mtoto aliyekuwa na kikohozi. Kamanthe akirudisha macho kwenye kompyuta, mstari umeshampotea.

Ndipo akaitwa Jamal, kijana wa mjini, ambaye babake ana duka la vitambaa karibu na msikiti. Yeye alisomea kupanga ofisi. Alipima kila pembe, akageuza meza zote zitazame ukuta, akatandika zulia nene, akaleta maua meupe kwenye vyungu ili macho yapumzike. Meza kubwa ya Bwana Muli, iliyoukabili mlango kwa miaka kumi na miwili, aliihamishia chumba cha nyuma. Mlangoni akabandika karatasi: KIMYA TAFADHALI. HATUSALIMIANI KWA MKONO. Jiko lingekuwa chumba cha utulivu, na chai ingetoka kwenye mashine.

"Usinichukie, Ndunge," Jamal alimwambia. "Mashine haichoki."

"Na haimuulizi mtu ameamkaje," Ndunge akajibu.

Jamal akacheka, lakini akajikuna kisogo.

Jumanne na Jumatano ofisi ilinyamaza kama shule siku ya mtihani. Ndunge akatazama, kwa kuwa kutazama ndiyo tabia yake. Aliona watu wakienda chooni mara tano, mara sita, wawili wawili, na huko nyuma ya mlango kunasikika kicheko cha kubanwa. Alimwona Kamanthe akichora mstari ule ule, anaufuta, anauchora tena.

"Kimya hiki kinanikaba, dada," Kamanthe alimnong'oneza alipopelekewa chai. "Zamani niliwachukia wakinisalimia. Sasa nahisi kama nimewakosea wote."

Alhamisi akaja Mzee Wathome kuuliza habari ya zizi lake. Alifungua mlango kwa kishindo chake cha siku zote, akakwama. Meza ya Muli haipo. Watu sita wameinamisha vichwa, wanatazama ukuta. Maua meupe. Akapiga hatua moja, hata kiatu chake hakikusikika. Alipotaka kusema neno, mtu akamwonyesha karatasi ya mlangoni bila kugeuka. Na pale kando alisimama Ndunge na sinia, macho yamemvimba, maana usiku alikuwa amelilia jiko lake.

Mzee akavua kofia.

"Pole sana, mwanangu," akasema polepole.

"Asante, mzee," Ndunge akasema, akishangaa jinsi habari za kazi yake zilivyofika Tala upesi hivyo.

Mzee akatoka kinyumenyume.

Ijumaa saa nne, pikapu mbili zikasimama nje. Ndunge akachungulia dirishani, akaona akina mama wamefunga leso viunoni wakishusha sufuria, kuni, sukari na gunia la muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ambayo yakipikwa na maharagwe hukijaza kijiji. Mbele yao alikuwa Mama Kalondu, mwenyekiti wa mwethya, kikundi kinachomchimbia huyu mitaro ya shamba leo na kumfuta yule machozi kesho. Wimbo wa kanisani ukapanda polepole, ule wa kumsindikiza mtu asiyerudi.

"Muli wetu!" Mama Kalondu akalia alipoingia, mikono kichwani. "Muli aliyetupimia shamba la kanisa bila kutubania hata futi! Ameondoka bila kuaga!"

Kamanthe akasimama, kinywa wazi. "Nani ameondoka?"

Hapo mlango wa nyuma ukafunguka, Bwana Muli akatoka akipangusa mikono kwa leso.

"Ni kelele gani hizi?" akauliza.

Wimbo ukakatika kama kamba. Mama mmoja akaketi kwenye zulia bila kutaka. Mama Kalondu akamsogelea Bwana Muli, akamfinya shavu, akamfinya tena.

"Mwaitu! Mama yangu, ana joto!"

"Mama, mimi ni mzima!"

"Mzima, na umejificha chumba cha nyuma? Mzima, na watu wako wamepangwa kama wanangoja jeneza? Wathome ameliliza soko zima la Tala!"

Kamanthe ndiye aliyeanza. Kicheko alichokibana tangu Jumanne kilimtoka chote, akashika meza. Wengine wakafuata, na akina mama, na mwisho Bwana Muli mwenyewe, akifuta machozi kwa ile leso ya mikono.

"Haya, mbebe vitu vyenu mrudi salama," akasema alipopata pumzi.

"Turudi na chakula cha matanga?" Mama Kalondu akamkazia macho. "Kitaingia nyumba ya nani sasa? Kinaliwa hapa hapa. Jiko liko wapi?"

Wote wakamtazama Ndunge. Ndunge akamtazama Bwana Muli. Bwana Muli akatazama viatu vyake.

"Liko huku, mama," Ndunge akasema, akatangulia.

Walipika, wakatandaza mikeka kwenye veranda ya nyuma, mahali upepo wa Iveti unapita. Salamu zote zilizolala wiki nzima ziliamka: mikono, ng'ombe, mvua, mtoto wa kikohozi ambaye alishapona. Saa nane Kamanthe aliosha mikono, akaingia ndani kwenye kile kimya cha Jamal. Alipotoka alikuwa na ramani ya Mzee Wathome, ng'ombe wote wamerudi zizini na mikia yao.

"Kwa mkupuo mmoja," alimwambia Bwana Muli. "Sijafuta hata mahali pamoja."

Wakati huo huo Jamal akafika na fundi aliyebeba nyundo kubwa begani. Akaona mikeka, akaona ramani, akapewa sahani. Alikula akitazama huku na huku.

"Ndunge," akasema, "wewe umewaangalia miaka minne, mimi siku tatu. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Ndunge akaelekeza kidole kwenye mlango wa ofisi.

"Ndani paache hivyo hivyo, pazuri. Benchi la wageni lije hapa, karibu na jiko. Mimi nitawapokea na chai. Saa nne na saa kumi wote watoke, wasalimiane mpaka watosheke. Mtu akishasalimiwa, hatakuwa na haja ya kuingia kumsumbua Kamanthe."

"Na meza yangu?" Bwana Muli akauliza.

"Irudishe mlangoni," Mama Kalondu akadakia, "tujue uko hai!"

Bwana Muli akacheka, kisha akamgeukia Ndunge, na safari hii hakutazama viatu. "Jumatatu uje mapema. Wageni wa Kinanie wanafika saa mbili."

Fundi alikuwa bado amesimama na nyundo yake. "Sasa mimi nivunje nini? Nimetoka mbali."

Ndunge akaenda kwenye ukuta wa jiko unaotazama veranda, penye kidirisha kidogo kisichopitisha hata sinia. Akachukua kipande cha mkaa, akachora mraba mkubwa, upana wa mikono yake miwili.

"Hapa," akasema.

Nyundo ikapiga, vumbi likaruka, na mwanga ukaingia mpaka kwenye sufuria.