Aliyoyasema Akitoka Usingizini

Hospitalini wananiita Bi Usingizi, wala sijali. Kazi yangu ni kumlaza mgonjwa ili daktari afanye yake bila mtu kusikia maumivu, halafu kumwamsha. Kulaza kila mtu atajifunza. Kazi ni kuamsha, asikudanganye mtu.

Hasa kwa ketamini. Dawa hiyo haimlazi mtu, inamhamisha. Macho yako wazi, moyo unadunda, lakini mwenyewe hayupo. Na akirudi anarudi nusunusu, na hapo katikati ndipo watu wanaposema mambo. Nimemsikia mzee wa watu, mwenye heshima zake, akilia kwamba amegeuzwa sufuria. Nimemsikia mama mmoja akimwita mwanamume mwingine kwa jina, na mumewe amesimama palepale mlangoni. Yule bwana alitaka kuzua balaa wodini! Nilimtoa nje mkukumkuku. "Inayosema ni dawa, si mkeo," nikamwambia. "Ukimuuliza sasa hivi kama ameolewa na simba, atakwambia ndiyo, na harusi ilifana." Akacheka bila kupenda, yakaisha.

Ndiyo maana kwangu kuna sheria mbili, na anayezivunja atanitambua. Kabla ya sindano, mgonjwa anachagua mahali anapopapenda na kupashikilia akilini, kwa sababu unachoingia nacho ndicho utakachokikuta huko. Na anapotoka, hakuna kumuuliza swali lolote. Anaambiwa yuko wapi, anaambiwa yuko salama, basi.

Jumanne ile wakamleta mdogo wangu. Ni fundi rangi; ngazi iliteleza, akaanguka, bega likachomoka. Si vizuri kumlaza ndugu yako, lakini mwenzangu alikuwa likizo, na huyu kelele zake zilikuwa zinasikika mpaka getini.

"Lidume zima," nikamtania, "linalia kama limenyang'anywa peremende."

"Dada, acha maneno, nichome."

"Chagua mahali kwanza."

"Nyumbani kwa Mama," akasema. "Jikoni."

Sikupapenda, ila nilimchoma. Miaka tisa iliyopita Mama alianguka jikoni mle, na hakuinuka. Alikuwa na kisukari, na mimi, wakati huo mwanafunzi wa uuguzi, ndiye niliyekuwa namchoma sindano yake kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni. Siku ile nilimchoma nikatoka mbio, maana nilikuwa nimechelewa. Saa nne wakanifuata darasani. Sukari ilikuwa imeshuka chini kabisa. Daktari aliyempokea akasema dawa ilikuwa nyingi mno. Nani alimpa? Mimi. Mama mdogo akatamka mbele ya waombolezaji wote kwamba nimemuua dada yake kwa haraka zangu, na mpaka leo hanywi hata maji kwangu. Ningebisha nini? Haraka nilikuwa nayo kweli. Niliamini kwamba nilivuta dawa mara mbili ya kipimo, na tangu hapo kila dawa naipima mara tatu, wenzangu wananicheka.

Bega lilirudi kwa dakika nne tu. Daktari wa mifupa akanawa mikono, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Tukabaki mimi na mdogo wangu nyuma ya pazia.

Akaanza kurudi. Midomo ikacheza. "Mama," akasema, "leta mkono, acha ukaidi." Nikatabasamu. Halafu akasema, "Dada amesahau. Ngoja nikuchome mimi."

Nilishika ukingo wa kitanda.

Hapo nilipaswa kusema: uko hospitalini, bega limerudi, niko hapa. Maneno hayo nimeyasema mara elfu. Badala yake niliinama sikioni mwake nikauliza, "Ulimchoma?"

"Nilimchoma."

"Siku ile? Baada yangu?"

"Baada yako."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Machozi yakamtoka. Akaanza kutapatapa, akamwita Mama kwa sauti ya mtoto, na mashine ikaanza kulia kwa jinsi moyo ulivyokuwa unaenda mbio. Mimi ndiye niliyempeleka huko. Nilimshika kichwa, nikamwambia yuko salama, yuko salama, mpaka akatulia, na muda wote huo nilikuwa na hasira nisiyojua namkasirikia nani.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alifika palepale. Ebu tazama majibu yake. Kila neno nililompa ndilo alilonirudishia. Ningemuuliza kama alimsukuma Mama dirishani, angekubali. Miaka tisa nimebeba mzigo ule, nikapata nafasi moja ya kujua ukweli, nikaiharibu kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza! Na lile la mwanzo, alilosema mwenyewe bila kuulizwa? Aa, mtu anayemlilia mama yake miaka tisa anaweza kuota lolote. Nilibishana hivyo na nafsi yangu nusu saa nzima, huku nikimpima presha.

Alipoamka sawasawa aliomba maji. Akanywa, kisha akauliza kama wanavyouliza wote: "Dada, nimesema kitu?"

"Umekoroma tu."

Akashusha pumzi ndefu, mwili mzima ukalegea. "Afadhali," akasema.

Wagonjwa wangu wakijibiwa hivyo hucheka, wengine huona aibu kwa huko kukoroma. Sijawahi kuona mtu akipumua vile.

"Nimekudanganya," nikamwambia. "Umesema. Ila maneno ya dawa mimi siyaamini. Sasa uko macho, sema mwenyewe."

Aliangalia dari. Nilidhani atakana, na Mungu anisamehe, sehemu ya moyo wangu ilitaka akane.

"Daftari la sindano halikuwa na alama," akasema taratibu. "Kila siku ukimchoma ulikuwa unaweka alama. Siku ile hukuweka. Nilimuuliza Mama, akasema hakumbuki vizuri. Nikamchoma."

Kalamu. Haraka zangu zote ziliishia kwenye kalamu ambayo sikuishika. Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kumkumbatia, nikabaki nimesimama na bilauri yake tupu mkononi.

"Mama mdogo amenitukana mbele yako," nikasema. "Kila mwaka kwenye kumbukumbu ya Mama ananigeuzia mgongo. Wewe umekaa hapohapo, unaona. Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliogopa."

"Na ulipokuwa na ishirini? Ishirini na tano?"

Akafumba macho. "Nilitaka kusema, Dada. Haki ya Mungu, kila mwaka nilitaka. Lakini wewe walikuwa wameshakuchukia. Nikaona umezoea."