Kindi, Nondo na Mume Wangu Mbiko

Mume wangu Mbiko alifika Jumanne kutoka Johannesburg, kama afikavyo kila Desemba, na Alhamisi mchana alikuwa ameshashika manati. Alimlenga kindi juu ya mti wa mopane ulio nyuma ya jiko.

"Mwache," nilisema. Nilikuwa natwanga uwele tangu asubuhi na mikono imekufa ganzi.

"Mama Nchidzi, mwizi anakula karanga zako nawe unamtetea? Au ndiye bwana'ko wa pili?"

"Afadhali yeye! Jua likizama yumo tunduni mwake na mkewe na wanawe, wamebanana. Agosti fira alipoingia uani, ni yeye aliyepiga kelele mpaka nikatupa mchi, nikamkimbilia mwanetu Tjabo. Wewe ni yule pale."

Nilimwonyesha nondo aliyetulia kwenye gome, mkubwa, mabawa yana madoa kama macho, ya kupendeza.

"Mvua ya kwanza tu, huyo, katokea. Maridadi kweli! Hana hata mdomo wa kula. Siku tatu, mayai, kwaheri. Viwavi wakimaliza majani, yeye hayupo."

Mbiko alicheka. "Na hao viwavi mnaokaanga, mashonja, ni watoto wa nani? Wa kindi? Nondo ndiye anayewalisha nyote, mama."

Alisema kweli, na hilo liliniudhi. Sukari, sare za shule, bati la paa, vyote ni jasho lake. Miaka minane nakula vyake na kulala peke yangu.

Alishusha manati. "Huyo fira alikuwa umbali gani na mtoto?"

Niliachanisha viganja, kiasi cha shibiri mbili.

"Hukuniambia."

"Nilikupigia. Ukasema uko kazini."

Alikaa chini kabisa, vumbini. "Machi mkataba unaisha. Nitarudi moja kwa moja."

"Machi hiyo naisikia mwaka wa saba, Baba Nchidzi. Nimechoka. Baki sasa, tule mboga ya delele tupu. Ama mpaka hiyo Machi, kalale kwa mama yako."

Nilitaka abishe. Nilitaka agombe, aseme hapa ni kwake na hatoki. Aliingia ndani akatoka na begi, akaenda kwa mama yake, hatua sitini tu kutoka mlangoni kwangu. Hakukawia hata kidogo, maana nguo zake hakuwa amezitoa begini.