Gauni la Inchi Thelathini

Fundi na wifi yake hawaivi chungu kimoja, na mtaa mzima unajua. Wifi ndiye aliyeolewa na kaka yake fundi, na tangu aingie katika ukoo, fundi akisema kushoto yeye husema kulia, kwa makusudi tu. Kwa hiyo alipomleta binti yake kushonewa gauni la harusi, yasidhaniwe ni mapenzi. Fundi ni shangazi wa bibi harusi. Kumpeleka kwa mwingine kungewapa watu la kusema.

Futi ikasoma inchi thelathini na sita kiunoni.

"Kata thelathini," wifi akasema.

"Nani huyo wa thelathini? Mimi namwona wa thelathini na sita."

"Atapungua. Anatumia dawa yangu."

Dawa yenyewe ilikuwa vidonge vya rangi ya chungwa, ndani ya kopo lisilo na karatasi wala jina. Wifi aliviuza kutoka mkobani, msibani, kliniki, popote penye wanawake, na aliyeuliza vina nini alijibiwa ni majani matupu. Fundi hakuamini hata chembe. Mwenye akili timamu angegoma kukata. Yeye alikata, tena thelathini kavu, akijisemea kwamba gauni likikataa kupanda siku ya siku, atakayeaibika si fundi. Roho mbaya hiyo, hakuna jina jingine.

Mwezi wa tatu mama na binti wakaja kujaribu. Gauni likapanda, likafungika mpaka juu. Wifi akacheka kwa madaha. Fundi hakucheka. Alipopitisha futi kifuani, aliusikia moyo wa binti ukigonga chini ya vidole vyake, mbio mbio, na mtu mwenyewe kasimama tu. Midomo imemkauka, mikono inamtetemeka.

"Unalala wewe?"

"Usingizi sina, Shangazi. Siku ya tatu leo. Lakini na njaa pia sina."

"Acha hivyo vidonge leo hii."

"Wivu," wifi akadakia. "Gauni limekaa, roho inakuuma. Kwanza wewe kiuno chako kilipotelea wapi?"

"Kiuno changu hakijaua mtu. Wewe unaua mtoto wako mwenyewe, mshenzi wewe."

Wifi alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo pale binti aliposhika meza ya kukatia, akasema haoni vizuri, akaanguka na gauni lake.

Hospitali, daktari aliuliza jambo moja tu: anatumia dawa gani? Moyo unakimbia vibaya, alisema, na asipojua kilichoingia mwilini anaweza kumpa kitu cha kumdhuru zaidi.

"Hatumii chochote," wifi akajibu bila haya. "Ni wasiwasi wa harusi."

Fundi hakubishana. Alimpokonya mkoba, akaumwaga wote pale kitandani, kopo likabiringika mpaka miguuni pa mgonjwa. Wifi akamrukia, wauguzi wakawatenganisha.

Daktari akapasua kidonge kimoja, akautazama unga. Wanaletwa wengi kama huyu, alisema. Mtu anaambiwa majani, kumbe ndani kumechanganywa dawa ya kuchangamsha mwili, inayoua njaa na kuusukuma moyo. Kupungua utapungua, mpaka moyo wenyewe uchoke.

"Umesikia?" fundi akamwambia wifi yake. Hakuficha raha aliyokuwa nayo.

Moyo ulipotulia kidogo, daktari akamgeukia binti mwenyewe. Alikuwa anameza vingapi?

"Mwanzo kimoja. Baadaye vinne."

"Nani alikwambia uongeze? Mama?" daktari akauliza.

"Mama alisema kimoja tu." Binti alikuwa anaangalia dari. "Mimi nilitaka kuacha, moyo ulinitisha. Nikaenda kwa Shangazi peke yangu, nikamwomba anipanulie gauni. Akasema hana muda wa kufumua. Akasema, si unameza vya mama yako? Basi meza, utatosha."

Fundi alitaka kukana. Lakini siku ile ilimrudia yote: pini mdomoni, kazi ya mteja mezani, na yeye hakuinua hata kichwa kumtazama mtoto wa kaka yake. Ng'ambo ya kitanda wifi alikuwa anarudisha vitu vyake mkobani, kimoja kimoja. Alipofika kwenye kopo, akaliacha lilipo.